Alama Nyekundu Mbele ya Wimbo wa Chiriku

Mliokuwa nami tangu mwanzo mnaujua moshi niliouacha nyuma. Kwa mnaoniokota leo njiani: nilitunza stoo ya kanda za muziki katika redio moja kwa miaka thelathini na mmoja. Mke wangu akafariki mwezi wa pili. Mwezi wa nne wakubwa wakaamua muziki wote uhamie kwenye kompyuta. Kanda zangu zikapakiwa lori, zikachomwa jalalani huku nikitazama.

Mimi wa darasa la nne nikapewa kiti kilichovunjika mkono na kipanya kisicho na mkia. Nikaambiwa, "Mzee, kuanzia leo wewe ni mtunza maktaba ya kidijitali."

Nikatunza. Na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Jumatatu asubuhi, siku ya kwanza studio kupiga nyimbo kutoka kwenye kompyuta badala ya sidii, mtangazaji wa kipindi cha salamu alibonyeza wimbo. Kimya. Akabonyeza mwingine. Kimya. Akaanza kukohoa hewani, akasoma salamu zilezile mara tatu, akatoka studio anatiririka jasho.

Tukafungua orodha. Kila wimbo ulikuwa na alama nyekundu ya mshangao mbele yake. Orodha nzima ilikuwa kama mtoto aliyeshikwa na surua. Ukibonyeza, kompyuta inakujibu kwa ufupi wa karani mwenye kiburi: faili haionekani.

Nyimbo elfu nne mia moja na kumi na mbili.

Meneja alishuka mwenyewe kutoka juu. Meneja wetu hashuki. Ukimwona chini ujue kuna mtu anazikwa.

"Nani amegusa hii mashine?"

"Mimi sijui kugusa," nikasema. "Mimi naelekezwa tu."

"Nyimbo haziendi matembezini zenyewe, mzee."

"Na kanda hazikwenda jalalani zenyewe, bwana mkubwa."

Mtangazaji akajifanya anafunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba.

Meneja aliisogelea kompyuta. Aliinama, akaisoma orodha kwa kidole mpaka chini kabisa, akabaki pale chini muda mrefu kuliko juu. Akainuka.

"Ijumaa saa kumi. Nazitaka zote. Sijali ina namba au haina. Itakayobaki nyekundu naifuta kwenye orodha, na jina lako linafuata nyuma yake."

Ndivyo walivyo. Mkubwa akikosea, inaitwa changamoto. Mdogo akikosea, anaitwa mzembe.

Lakini nisiwadanganye, sikuiogopea kazi. Mtu aliyemzika mkewe hatishwi na barua ya kufukuzwa. Niliuogopea mstari mmoja katika orodha ile. Namba 917. Chiriku.

Chiriku ni mke wangu. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu hakujua kufua bila kuimba. Siku moja, binti yetu akiwa bado anabebwa mgongoni, nilisahau funguo za stoo nyumbani, akaniletea. Alipokuwa ananisubiri koridoni akawa anambembeleza mtoto kwa wimbo. Kijana wa kurekodi alitoka chumbani mwake na visikizi vikining'inia shingoni.

"Dada, hiyo sauti umeiazima wapi?"

Nilikataa asirekodiwe. Nikasema mke wa mtu haimbi chumbani na wanaume waliovaa visikizi. Akaninunia siku tisa. Siku ya kumi nikamwambia, "Haya, imba mmoja tu, ukate kiu, kisha tuelewane."

Akaimba mmoja. Kanda ikaletwa stoo, nikaipiga namba kwa mkono wangu: 917. Hakuimba tena. Nilihakikisha. Baada ya muda hata kufua akawa anafua kimya.

Lazima niungame, basi naungama.

Simu yetu ilikuwa ya tochi, haikuhifadhi sauti ya mtu. Kwa hiyo katika dunia nzima, sauti ya mke wangu ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, na mahali penyewe palikuwa na alama nyekundu.

Binti yangu alipiga Jumatatu hiyohiyo.

"Baba, umeupata?"

"Naushughulikia, mwanangu."

"Msibani uliniahidi baada ya wiki. Huu mwezi wa ngapi?"

"Hawa wakubwa, mwanangu, hawa watu wameharibu kila—"

"Sikuulizi wakubwa. Nakuuliza wewe. Mimi sauti ya mama inaanza kunitoka kichwani, baba. Unanielewa? Nikiitafuta naipata ya shangazi."

"Nitaupata."

"Ukiupata nipigie. Usipoupata, tuachane hivihivi tulivyo."

Akakata.

Jumanne akarudi kazini Mama Nyaya. Huyu ndiye fundi wetu wa kompyuta, na ndiye aliyezinakili kanda zote kabla hazijachomwa. Mkono wa miwani yake umefungwa kwa waya wa umeme, nao ndio uliompa jina. Alikuwa likizo wiki nne. Huko nyuma, wiki tatu za mwanzo, ndiko nilikofanya niliyoyafanya.

Alikaa, akabonyeza kidogo, akageuka.

"Mzee wangu, hizi nyimbo zimeondoka pale nilipoziweka. Ulifanya nini?"

"Nilipanga."

"Ulipanga nini?"

"Mama, usiniulize kwa sauti hiyo. Uliziacha shaghalabaghala. Kanda ya kumi na mbili imelala na kanda ya mia tatu, hata haya hazina. Hiyo ni stoo au gulio? Nikazipanga kwa rafu, kama zilivyokuwa enzi zangu. Folda mojamoja. Wiki tatu, mpaka kidole kikaota sugu. Tazama."

Akakitazama kidole. Akavua miwani, akajisugua macho.

"Mzee, hii orodha unaionaje? Unadhani nyimbo zimo ndani yake?"

"Si ndiyo maana ikaitwa orodha ya nyimbo?"

"Hazimo. Hii orodha ni tarishi tu. Ana daftari lenye anwani. Ukibonyeza wimbo anakimbia kwenye anwani, anabisha hodi. Sasa wewe umewahamisha watu elfu nne nyumba zao, na tarishi hukumwambia. Anabisha kwenye nyumba tupu, anarudi kukuambia hakuna mtu."

Kumbe mkono niliokuwa nautafuta kwa Meneja ulikuwa umekaa kwenye bega langu mwenyewe.

"Kwa hiyo hazijafa?"

"Wapangaji wapo. Anwani ndiyo mbovu."

"Ungenifundisha hayo kabla ya kwenda likizo, mama."

"Niliomba siku mbili nikufundishe. Meneja akasema mzee anatunza tu, haina haja ya mafunzo."

Mnaona? Mnaona lakini?

Kazi yenyewe haikuwa ngumu ukishaijua. Unashika wimbo mmoja mwekundu, kompyuta inakuuliza uko wapi. Unaionyesha folda mpya. Kisha inakuuliza: nitafute na wenzake humohumo? Unasema ndiyo. Alama nyekundu zinadondoka mojamoja kama kupe.

Jumatano jioni zilikuwa zimerudi elfu mbili na ushee. Mtangazaji wa salamu alikuja kunishika mkono. Hata chai nililetewa.

Alhamisi kabla ya adhuhuri zilibaki ishirini na saba.

"Moja ni 917," Mama Nyaya akasema, "na hizi ishirini na sita za mwisho. Zimeandikwa Jumanne moja, Jumanne mbili, mpaka ishirini na sita. Hizi ulizihamishia wapi?"

"Hizo takataka. Twende kwenye 917."

"Takataka vipi?"

"Hazina namba. Mama, sheria ya stoo ni moja, hata wewe unaijua: kisicho na namba hakipo. Kanda ikija bila namba inaingia kapuni, inasubiri kutupwa. Nilizikuta zimejibanza kwenye folda hazina namba, hazina jina la mwimbaji, nikajua ni masalia ya kazi zako za Jumanne. Nikazitia kwenye lile pipa la taka la kompyuta. Na pipa nikalimwaga, kama ulivyonionyesha."

"Ulilimwaga?"

"Mimi silali na taka ndani."

"Mzee, zile hazikuwa zangu. Meneja alinipa kwenye boksi la viatu, akasimama pale mlangoni mpaka nilipomaliza kunakili."

"Boksi lilitoka stoo?"

"Lilitoka kabatini kwake."

"Basi si zangu. Akazilie mwenyewe. Twende kwenye 917."

Akaigeukia kompyuta.

"Hii 917 haimo rafu yoyote. Uliibadilisha jina?"

Hapo nikakumbuka. Nilikuwa nimeitengenezea folda yake peke yake, mbali na rafu, na faili nikaiandika upya.

"Nilimwandika Chiriku," nikasema. "Mtu gani anaitwa mia tisa kumi na saba?"

Mama Nyaya aliinamia kibodi. Alitafuta Chiriku, akamwona, akamwelekeza tarishi. Alama nyekundu ikatoka.

"Tuusikilize?"

"Fungua."

Sijui niwaambieje. Gitaa lilitangulia, kisha akaingia yeye. Ile sauti yenye mkwaruzo mdogo mwanzoni, kama mtu anayesafisha koo kwa heshima. Kwa dakika tatu sikuwa na kinyongo na mtu yeyote, hata Meneja. Nikachukua simu nimpigie binti yangu.

Wimbo ukaisha. Nikanyoosha mkono nifunge.

"Subiri," Mama Nyaya akasema. "Wimbo umekwisha, lakini kanda bado inakwenda. Zimebaki dakika nane."

Sasa mnielewe. Mimi nilikuwa mtu wa boksi na namba. Miaka yote ile sikuwahi kuketi na kusikiliza kanda mpaka mwisho. Redioni watangazaji walikuwa wanaukata pale gitaa linapoishia. Aliyerekodi siku ile alisahau kuzima mashine.

Kiti kilisukumwa. Mtu akakohoa. Kisha sauti ya mwanamume kijana:

"Dada, umeua."

Mke wangu akacheka. "Huu mmoja mpelekee. Aupige namba yake, aridhike."

"Na nyingine?"

"Nyingine asizione. Yeye ndiye mwenye namba. Ikifika stoo tu nimekwisha."

"Basi hazitafika stoo. Mumeo Jumanne huwa anakwenda bohari kuu kuchukua kanda tupu. Njoo Jumanne."

"Kila Jumanne?"

"Mpaka uchoke."

"Mimi? Nichoke?" Akacheka tena. "Nitamwambia nakwenda kwa fundi cherehani. Lakini zisipigwe hewani, nakusihi. Wewe ziweke tu. Kale kabinti kangu katakuja kuzisikia kakikua. Mimi nikiwapo au nisipokuwapo."

Baada ya hapo kanda ikazunguka kimya. Mtu alipita koridoni anapiga mluzi.

Mama Nyaya alishusha orodha mpaka chini, polepole, mahali penye zile ishirini na sita nyekundu. Alikuwa mtu mwema, ndiyo maana hakusema kitu.

"Zirudishe," nikamwambia.

"Mzee wangu..."

"Wewe ni fundi! Zirudishe!"

"Pipa likimwagwa, ile nafasi inahesabika tupu. Anayekuja anajenga juu yake. Ulilimwaga lini?"

"Wiki ya kwanza."

"Chumba cha habari kinahifadhi hapahapa. Wiki nne za taarifa na matangazo zimejengwa juu."

Hata hivyo alijaribu. Aliingiza programu ya kufukua vilivyofutwa, tukaingojea kama watu waliokaa nje ya chumba cha upasuaji. Ikaleta vipande vitatu. Cha kwanza kilikuwa mlio wa changarawe juu ya bati. Cha pili kilikuwa tangazo la magodoro. Cha tatu kilidumu sekunde mbili: ule mkwaruzo wake wa kuanzia, kisha changarawe.

Nilisimama. Kiti kikaanguka.

"Mzee, usipande huko ukiwa hivyo."

"Nipande vipi? Nipande naimba?"

Mlango wa Meneja nimeubisha miaka mingi kwa kidole kimoja. Siku ile sikubisha. Na nilipoingia ndipo nilipokumbuka kitu ambacho cheo chake kilikuwa kimenisahaulisha: kabla ya tai na kiti cha kuzunguka, huyu alikuwa kijana wa visikizi shingoni. Sauti ile ya kwenye kanda ilikuwa yake.

"Kanda za Jumanne," nikasema. "Ziko wapi?"

Akaweka kalamu chini. Hakushangaa. Alionekana kama mtu aliyeletewa mzigo alioutarajia.

"Nani amekwambia?"

"Mwenyewe. Ulisahau kuzima mashine."

Akainuka akafunga mlango.

"Kanda zenyewe hazipo. Bomba lilipasuka juu ya kabati hili, maji yakaingia. Utepe ukaanza kumenyuka. Nilimwambia Mama Nyaya azinakili kabla ya kanda nyingine zote. Zilipita kwenye mashine mara moja, zikakatika vipandevipande. Nikazitupa. Zimebaki za kwenye kompyuta."

"Wewe na mke wangu—"

"Usilimalize hilo neno, mzee. Mpiga gitaa yu hai, kamuulize. Mlango ulikuwa wazi kila Jumanne. Aliimba, akanywa maji, akaenda nyumbani kwake."

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Na wewe hukuwa mtu wa kuambiwa."

Nilikuwa na matusi, jamani. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa nayaweka akiba kwa ajili ya meza ile. Nilifungua mdomo, hayakutoka.

"Mlizichoma kanda zangu," ndiyo yaliyonitoka. "Mlizichoma."

"Zilichomwa kwa amri ya juu, baada ya kunakiliwa. Nilipiga kelele mpaka nikaandikiwa barua. Hilo hukulijua kwa sababu hukuuliza." Akajisogeza mbele. "Lakini kwa nini unaniuliza kanda? Nakala si zipo? Mama Nyaya aliniambia leo asubuhi mmebakiza chache."

Nikageukia dirisha.

"Mzee. Zile ishirini na sita zimerudi?"

Nikatazama zulia lake. Lina doa la wino karibu na mguu wa meza.

"Mzee, nakuuliza."

Mlango ukabishwa hodi. Meneja akatazama saa ya ukutani, na uso ukamlegea kwa namna ambayo sijawahi kuiona kwake.

"Nilimpigia binti yako asubuhi," akasema kwa sauti ya chini. "Mama yake aliniachia barua. Alitaka zikabidhiwe kwake, siku yeye akiwa hayupo. Msibani niliona palikuwa na macho mengi, nikasubiri."

"Mwambie arudi," nikasema. "Mwambie aje wiki ijayo. Nakuomba, bwana mkubwa. Sijawahi kukuomba kitu."

Lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa.

Binti yangu alikuwa bado na sare zake za kazini, sare za unesi. Nyuma yake koridoni alisimama Mama Nyaya, anapumua kama mtu aliyepanda ngazi mbio na bado akachelewa.

"Shikamoo, baba."

Tangu siku ya mazishi alikuwa hajanitazama usoni. Siku ile alinitazama.

"Marahaba, mwanangu."

"Ishirini na sita!" akasema. "Baba, mimi nilikuwa nakusumbua kwa wimbo mmoja, kumbe aliacha ishirini na sita! Nimeomba ruhusa kazini, nimewaambia siwezi kungoja jioni." Machozi yalikuwa yanamshuka na wala hayafuti. "Na mimi nilivyokusema kwenye simu. Nisamehe, baba. Meneja ameniambia zote zimepitia mikononi mwako, wewe ndiye uliyezipanga, na hakuna mtu humu anayejua kila moja ilipo kama wewe."

Meneja alikuwa amekwisha kumwona Mama Nyaya. Mama Nyaya alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja.

Binti yangu akafungua mkoba, akatoa flashi mpya, bado imo kwenye karatasi yake ya dukani. Akaichana kwa meno, akaniwekea mkononi, akanifunga vidole juu yake.

"Twende, baba. Ziko chumba gani?"